Viwanda vya Kongowe na chumba cha pili cha filta: mashine inapokufa ikiwa na akiba

Msafiri anayetoka Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro, akishapita Maili Moja na Tumbi, huipita Kongowe kabla hajafika Mlandizi. Hii ni Kongowe ya Kibaha, mkoani Pwani, si ile ya Mbagala jijini Dar es Salaam. Kibaha na jirani zake Kisarawe na Mkuranga hutajwa kila inapozungumzwa Tanzania ya viwanda. Nondo, vigae, vioo, vinywaji, vifungashio na malori yanayounganishwa ni baadhi ya bidhaa zinazotoka ukanda huu. Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua bandari kavu ya Kwala, iliyopo Wilaya ya Kibaha, pamoja na usafirishaji wa mizigo kwa reli ya kisasa. Maana yake ni kwamba malighafi na mashine zaidi zitaelekea huku.

Katika habari za aina hii tumezoea kuhesabu viwanda vilivyofunguliwa. Utepe hukatwa, idadi ya ajira hutangazwa, na kesho yake magari ya viongozi yanakuwa yameondoka. Hesabu ambayo haisikiki ni ya saa ambazo mashine za viwanda hivyo zilifanya kazi mwaka jana, na saa ambazo zilikaa kimya zikisubiri fundi au kipuri.

Makala haya yanaiangalia hesabu hiyo ya pili kupitia kifaa kimoja ambacho wananchi wengi hawajawahi kukiona: filta ya oili yenye vyumba viwili, ambayo hapa tutaiita filta pacha. Tumeichagua kwa sababu ni kifaa kilichobuniwa ili mashine isisimame, na namna kinavyotunzwa hueleza mengi kuhusu kiwanda chenyewe.

Filta pacha ni nini?

Mwenye bodaboda au gari anaijua filta ya kawaida. Unazima injini, unamwaga oili, unafungua filta ya zamani, unafunga mpya. Kwa gari hilo halina tatizo, kwa sababu gari hulala usiku.

Mtambo mkubwa haulali. Gia boksi inayosukuma kinu cha saruji, mashine za kuviringisha nondo, kompresa kubwa, jenereta ya megawati kadhaa au tabo ya kufua umeme hufanya kazi mchana na usiku kwa wiki nyingi mfululizo. Kuizima ili kubadilisha filta ni hasara, na kuizima mara kwa mara huichosha kuliko kuiacha ikizunguka.

Ndiyo maana wabunifu waliweka vyumba viwili vya filta kando kando, na valvu moja katikati yenye mkono. Chumba kimoja huchuja, cha pili husubiri. Cha kwanza kikijaa uchafu, fundi husogeza mkono, oili ikahamia chumba cha pili bila mtiririko kukatika, na kile cha kwanza kikafunguliwa na kusafishwa huku mashine ikiendelea kuzunguka. Kiwango cha API 614 cha Taasisi ya Petroli ya Marekani, kinachotumika kwa mifumo ya oili ya mashine kubwa za sekta ya mafuta na gesi, kinataka filta za aina hiyo, zenye valvu inayohamisha mtiririko bila kuukata.

Juu ya filta hiyo huwekwa geji ya tofauti ya presha. Hupima presha ya oili kabla ya kuingia kwenye filta na baada ya kutoka. Filta ikiwa safi, tofauti ni ndogo. Ikianza kuziba, oili hulazimika kusukumwa kwa nguvu zaidi na tofauti huongezeka, hadi kufikia kiwango ambacho mtengenezaji amekiweka cha kupiga alamu.

Adui asiyeonekana kwa macho

Kwa nini jitihada zote hizi kwa ajili ya kuchuja oili? Jibu limo katika vipimo. Mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi, na jicho la kawaida hushindwa kuona kitu kilicho chini ya mikroni 40. Lakini utando wa oili unaotenganisha shafti na beringi yake huwa na unene wa mikroni chache hadi makumi machache, na katika beringi za gololi huweza kuwa chini ya mikroni moja. Chembe inayoharibu mashine, kwa hiyo, mara nyingi ni ile ambayo fundi hawezi kuiona hata akiinyanyua oili kwenye chupa mbele ya jua.

Ndiyo sababu usafi wa oili hupimwa maabara na kuandikwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 4406, kwa namba tatu, mfano 18/16/13. Kila namba inawakilisha idadi ya chembe katika mililita moja: ya kwanza zile za mikroni 4 na zaidi, ya pili za mikroni 6 na zaidi, ya tatu za mikroni 14 na zaidi. Namba 18 ina maana ya chembe zaidi ya 1,300 hadi 2,500. Namba ikipanda kwa moja tu, idadi ya chembe huwa imeongezeka takriban maradufu. Mtu anayeona oili yake imetoka 18 kwenda 21 anaweza kudhani ni tofauti ndogo, kumbe uchafu umeongezeka mara nane.

Pwani ina nyongeza yake. Udongo wa ukanda huu ni wa mchanga, na mchanga ni silika, madini magumu kuliko vyuma vingi vya beringi. Vumbi la barabara za ndani na la maeneo yanayojengwa huingia kupitia matundu ya kupumulia ya tangi la oili na kupitia sili zilizochoka. Unyevu wa hewa ya pwani nao huingia, ukagandamana usiku tangi linapopoa na kuwa maji ndani ya oili. Tena, oili mpya kutoka kwenye pipa la lita 200 haimaanishi oili safi. Mara nyingi huwa na chembe nyingi kuliko zinazoruhusiwa kwenye mtambo, ndiyo maana viwanda makini huichuja kabla ya kuimimina.

Akiba inavyooza

Wahenga walisema akiba haiozi. Kwenye filta pacha methali hiyo inaweza kumponza mtu. Chumba cha pili huoza, na huoza kimya kimya, kwa njia nne tunazoziona kuwa za kawaida.

Ya kwanza ni mkono wa valvu kuachwa katikati. Katika filta nyingi, mkono ukiwa katikati oili hupita vyumba vyote viwili kwa pamoja. Geji hushuka, alamu hunyamaza, na zamu inamalizika salama. Msimamizi anayeangalia geji pekee atadhani mambo ni mazuri. Ukweli ni kwamba vyumba vyote viwili vinachafuka kwa wakati mmoja, na siku vitakapoziba hakutakuwa na pa kuhamia.

Ya pili ni chumba kilichohamwa lakini hakikusafishwa. Fundi wa usiku amesogeza mkono kwa sababu alamu ilipiga. Elementi mpya haikuwepo stoo, au ilikuwepo lakini stoo imefungwa. Akasema tutabadilisha kesho. Zamu ya asubuhi haikuandikiwa chochote kwenye daftari. Wiki tatu baadaye alamu inapiga tena, fundi mwingine anarudisha mkono kule kule, na oili inakutana na filta iliyoziba tangu mwezi uliopita.

Ya tatu ni chumba chenye elementi safi lakini kilichojaa hewa. Huyu fundi alifanya kazi yake vizuri hadi hatua ya mwisho: alifunga mfuniko akasahau kujaza oili na kutoa upepo. Mkono ukisogezwa, hewa yote iliyokuwa chumbani inasukumwa kwenye beringi. Presha inashuka kwa sekunde chache. Kwenye mashine yenye ulinzi mzuri, mtambo unajizima wenyewe, na uzalishaji unakatika bila sababu inayoeleweka. Kwenye mashine ambayo ulinzi wake umezimwa ili usisumbue, injini inanoki au beringi inayeyuka.

Ya nne ni baipasi. Filta nyingi zina valvu inayofunguka tofauti ya presha ikizidi, ili mashine ipate oili hata kama ni chafu. Imewekwa kwa dharura, kwa hoja kwamba oili chafu kwa dakika kumi ni afadhali kuliko kukosa oili kabisa. Ila palipo na uzembe, dharura hugeuka kuwa utaratibu, na mtambo huzunguka kwa miezi ukinywa oili ambayo haijapita kwenye filta yoyote.

Hapo ndipo tunaposema mashine inaweza kufa ikiwa na akiba. Kwenye karatasi ina vyumba viwili. Kwa matumizi ina kimoja, au haina hata kimoja.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Vitabu vya mashine nyingi zinazoingia nchini vimeandikwa kwa Kiingereza, Kichina au Kituruki, na vibao vilivyogongwa kwenye mtambo hufuata lugha hizo. Anayeshika spana anazungumza Kiswahili. Kwa hiyo tunaona ni vyema utaratibu huu uwepo kwa Kiswahili. Kitabu cha mtengenezaji wa mashine yako ndicho chenye neno la mwisho, lakini mpangilio wa jumla ni huu.

Kwanza, hakikisha unajua ni chumba kipi kinachofanya kazi. Mkono au mshale wa valvu huonesha. Watu wamewahi kufungua mfuniko wa chumba kisicho, na oili ya moto ikawarukia.

Pili, kagua chumba cha akiba: elementi imo, mfuniko umekazwa, bomba la kumwagia oili limefungwa.

Tatu, fungua polepole valvu ndogo ya kujazia, ile inayosawazisha presha ya vyumba viwili. Wakati huo huo fungua kidogo skrubu ya kutoa upepo juu ya chumba cha akiba. Subiri hadi oili itoke bila mapovu, kisha funga skrubu hiyo.

Nne, sogeza mkono kwa mwendo mmoja tulivu hadi mwisho wake. Usiuache katikati. Mwenzako awe anaangalia presha ya oili kwenye mashine. Ikianza kushuka, rudisha mkono ulikotoka na utafute sababu.

Tano, funga valvu ya kusawazisha, kisha toa presha ya chumba kilichohamwa na kumwaga oili yake kwenye chombo. Usiguse boliti za mfuniko kabla hujathibitisha kwamba presha imekwisha. Oili ya mtambo unaofanya kazi huweza kuwa na nyuzi joto 60 au zaidi, na ikirukia bomba la moshi lenye joto kali huwaka moto.

Sita, toa elementi na uikague kabla ya kuitupa. Futa ndani ya chumba kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kwa sababu nyuzi za vitambaa chakavu huishia kwenye beringi. Weka elementi mpya yenye namba ile ile, badilisha oringi, funga.

Saba, na hii ndiyo inayorukwa zaidi: jaza chumba hicho oili na utoe upepo hapo hapo, ili kibaki tayari. Mitambo mingine huacha valvu ndogo ya kujazia ikiwa wazi kidogo ili akiba ibaki imejaa na yenye joto, mingine hutaka ifungwe. Kitabu cha mashine kitakuambia. Halafu ning'iniza kibao kinachosema tayari, chenye tarehe na jina la aliyefanya kazi, na uandike kwenye daftari la zamu tofauti ya presha uliyoiona baada ya kuhamisha.

Tarakimu hiyo ya mwisho ina thamani kubwa kuliko inavyodhaniwa. Ukiwa nayo kila mara, utajua filta huchukua siku ngapi kuziba. Iliyokuwa ikichukua wiki nane ikianza kuchukua mbili, kuna kitu kinasagika ndani ya mtambo au kuna uchafu mpya unaoingia. Na geji inayosoma sifuri siku zote isikufurahishe. Huenda imekufa, huenda elementi imepasuka, huenda baipasi iko wazi. Pia asubuhi oili ikiwa ya baridi huwa nzito, na tofauti ya presha hupanda hata kama filta ni safi, kwa hiyo vipimo vilinganishwe oili ikiwa kwenye joto lake la kazi.

Elementi ya karatasi isifuliwe kwa dizeli na kupulizwa kwa kompresa ili irudishwe kazini. Upepo huo hutoboa matundu ambayo jicho haliyaoni, na filta iliyotobolewa ni mbaya kuliko filta iliyoziba, kwa sababu haipigi alamu. Zile za wavu wa chuma ndizo zinazoweza kuoshwa, kwa utaratibu wa mtengenezaji.

Filta chafu husema

Daktari hupima damu ili ajue kinachoendelea mwilini. Elementi iliyotolewa ni kipimo cha aina hiyo, na bei yake ni dakika kumi za fundi. Ikatwe kwa kifaa kisichomwaga vumbi la chuma, karatasi ikunjuliwe juu ya kitambaa cheupe. Chembe zinazonaswa na sumaku ni chuma cha meno ya gia au cha gololi. Zenye rangi ya shaba au dhahabu mara nyingi hutoka kwenye bushi na vizimba vya beringi. Vipande laini vyenye rangi ya fedha vinaweza kuwa tabaka la juu la beringi kuu, na hapo mhandisi aitwe siku hiyo hiyo. Utelezi mweupe kama maziwa unaonesha maji.

Kiwanda kinachotupa elementi bila kuitazama kimetupa barua iliyoandikiwa meneja wake.

Somo kutoka Norway

Kwamba akiba isiyokuwepo huweza kuhatarisha maisha, mfano mzuri uko mbali na Kibaha. Machi 23, 2019, meli ya kitalii ya Viking Sky, yenye watu 1,373, ilipoteza nguvu za injini katika dhoruba kwenye eneo la Hustadvika, pwani ya Norway, ikasukumwa na upepo kuelekea kwenye miamba. Watu 479 walinyanyuliwa kwa helikopta kabla meli haijafika bandarini siku iliyofuata.

Uchunguzi wa mamlaka ya Norway ulionesha kuwa oili kwenye matangi ya jenereta ilikuwa chini ya kiwango kilichotakiwa. Meli ilipoyumba, pampu zikakosa oili ya kutosha na jenereta zikajizima moja baada ya nyingine. Meli ilikuwa na jenereta nne, lakini moja ilikuwa mbovu tangu kabla ya safari hiyo. Ilikuwa meli mpya yenye mitambo ya kisasa. Kilichoiangusha ni oili iliyopungua na akiba iliyokuwa ikihesabiwa huku haifanyi kazi.

Kiwanda cha nondo hakizami. Lakini hesabu ni ile ile: mtambo hujengwa juu ya dhana kwamba kikishindwa kimoja kipo cha pili, na dhana hiyo ina uzito pale tu mtu anapokwenda kukikagua hicho cha pili wakati hakihitajiki.

Kisingizio cha umeme kinapopungua

Tanzania imewahi kupoteza viwanda ikiwa navyo. Katika miaka ya 1980, uhaba wa fedha za kigeni uliponyima viwanda vipuri na malighafi, vingi vilikuwa vikizalisha chini ya theluthi moja ya uwezo wake. Majengo yalikuwepo, mashine zilikuwepo, wafanyakazi walikuwepo. Miaka ya 1990 ubinafsishaji ulipokuja, wanunuzi wengine walikuta mitambo ambayo thamani yake ilikuwa ya chuma chakavu.

Katika miaka ya karibuni sababu iliyotajwa zaidi ni umeme. Mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 uliwaumiza wenye viwanda, na malalamiko yao yalikuwa ya haki. Tangu wakati huo Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, mkoani humu humu Pwani, limekamilisha mashine zake tisa za megawati 235 kila moja, jumla megawati 2,115. Hitilafu za kukatika kwa umeme zingalipo, na kila ukikatika ghafla, mfumo wa oili ndio unaojaribiwa kwanza: pampu kuu inayotumia umeme husimama huku shafti yenye tani kadhaa ikiendelea kuzunguka, na pampu ya dharura au tangi la juu lazima lilishe beringi hadi zitulie.

Hata hivyo, uzalishaji wa umeme ukiwa umeongezeka, swali linahama. Mashine ikisimama sasa, tutaulizana nani aliisimamisha. Na wa kwanza kulipa siye mwekezaji. Ni kibarua anayelipwa kwa siku, anayefika getini Kongowe au Visiga asubuhi na kuambiwa arudi Jumatatu, mashine ni mbovu. Nyuma yake yuko mama lishe aliyepika kwa ajili ya watu ambao hawakuingia kazini, na dereva wa bodaboda aliyekosa abiria wa zamu.

Nani afanye nini?

Mwenye kiwanda ndiye wa kwanza. Kununua elementi mbili za akiba kwa kila filta na kuziweka stoo inayofunguka usiku ni gharama ndogo mbele ya beringi moja kuu inayoagizwa ng'ambo na kusubiriwa wiki kadhaa. Ajitahidi pia kuepuka kishawishi cha bei. Elementi feki hufanana na halisi kwa nje, huku karatasi yake ikiwa haina ubora na kiini chake kikiwa dhaifu, na hubomoka presha inapopanda.

Taasisi za umma zinafuata. Shirika la Viwango TBS lina jukumu la ubora, Tume ya Ushindani hupambana na bidhaa bandia kwa kutumia Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, na EWURA husimamia biashara ya vilainishi. Operesheni zao husikika zaidi kwenye bidhaa za nyumbani na mafuta ya magari. Filta na oili za viwandani zinastahili jicho hilo hilo, maana pipa moja lililochakachuliwa linaweza kufunga ajira za watu mia.

OSHA, chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, hukagua mashine na mazingira ya kazi. Swali moja zaidi kwenye ukaguzi lingesaidia: tuoneshe chumba cha akiba cha filta hii, na daftari la mara ya mwisho kilipohamishwa. Jibu lake haliwezi kutungwa papo hapo.

VETA, yenye chuo Kibaha, iko jirani kabisa na viwanda hivi. Waajiri wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, na wana haki ya kudai mafundi wanaoijua mifumo ya oili ya mitambo mikubwa, tofauti na injini za magari. Mafunzo ya uanagenzi yanaweza kumweka kijana wa Kongowe mbele ya filta pacha halisi kabla hajaajiriwa, na vibao vya maelekezo kwa Kiswahili vinaweza kuwa zoezi lake la kwanza.

Lipo pia suala la oili chafu. Inayomwagwa kwenye filta mara nyingi hupewa wafanyakazi, ikaenda kupakwa kwenye mbao dhidi ya mchwa au kumwagwa kuzuia vumbi. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004, taka hatarishi zina utaratibu wake, na NEMC ndiyo inayousimamia. Kwenye udongo wa mchanga kama wa Kibaha, kinachomwagwa juu hakikawii kushuka kwenye visima.

Hatimaye kuna hesabu yenyewe. Mkoa na halmashauri hutoa orodha ya viwanda vipya kila mwaka. Tungependa kuona safu moja imeongezwa kwenye orodha hiyo, inayoonesha viwanda vya miaka mitano iliyopita vinazalisha kwa kiasi gani cha uwezo wake, na vilisimama siku ngapi kwa ubovu wa mitambo. Safu hiyo ikiwepo, mwekezaji atakuwa na sababu ya kumsikiliza fundi wake anapoomba elementi, na kiongozi atakuwa na la kuuliza anaporudi kiwandani baada ya utepe kukatwa.

Mpaka wakati huo, kipimo rahisi kipo mikononi mwa yeyote aliyeko kiwandani. Leo, kabla zamu haijaisha, nenda kwenye filta, uutazame mkono umeelekea wapi, kisha umuulize mwenzako kama chumba cha pili kiko tayari. Akijibu nadhani, kiandike kwamba hakipo, na anzeni kazi hapo.